Euro 2,556 na senti 46

Mwaka 2018 serikali ya Ujerumani ilikubali kuwalipa fidia Wayahudi waliokuwa wakiishi Algeria wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi wao leo ni vikongwe wanaokaa Ufaransa. Walikuwa watoto mwaka 1940, pale utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ulipowavua Wayahudi wa Algeria uraia wa Ufaransa waliokuwa nao tangu 1870. Baba akapoteza kazi, mtoto akarudishwa nyumbani na madaftari yake. Miaka 78 baadaye, kila ambaye dai lake lilikubaliwa alilipwa, mara moja na basi, euro 2,556 na senti 46.

Zile senti ndizo zilizonikaa kichwani. Mtu anayekadiria hasara ya utoto wako atasema elfu mbili, au atasema elfu tatu. Hawezi kukaa chini, akapima, akafika kwenye senti arobaini na sita. Nambari ya namna hiyo ina nasaba, na ukiifuata unafika mwaka 1980, kwenye mfuko mmoja uliokuwa ukitoa maki 5,000 za Ujerumani kwa mtu. Sarafu ya euro ilipoingia, euro moja ilihesabiwa kuwa maki 1.95583. Gawanya 5,000 kwa hiyo, utaipata senti ya mwisho. Kiwango kilichopangwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, Wayahudi waliokuwa wametoka Ulaya Mashariki, kilibebwa kama kilivyo miaka 38 hadi kikamfikia bibi wa Algiers.

Hivyo ndivyo fidia ya manusura wa Wanazi ilivyojengwa kwa miaka yote zaidi ya sabini. Hapakuwa na siku ambayo Ujerumani ilikaa ikapanga jambo hili lote mara moja. Ilitungwa sheria, sheria ikawaacha watu mlangoni. Walioachwa wakadai, ukaundwa mfuko. Mfuko nao ukaja na masharti yake, na wengine wakabaki mlangoni. Kiraka juu ya kiraka. Anayeuliza "Wayahudi walilipwa kiasi gani?" atajibiwa kwamba kwa jumla Ujerumani imelipa zaidi ya dola bilioni 90, na jibu hilo ni kweli, lakini halimwelezi kwa nini watu wawili waliolala kwenye kambi moja walizeeka mmoja na pensheni na mwenzake mikono mitupu.

Diya au nauli?

Anayesema Kiswahili ana bahati katika suala hili, kwa sababu lugha yake inatenganisha mambo ambayo wengine huyachanganya. Kurudishiwa mali yako iliyoporwa ni jambo moja. Fidia kwa madhara uliyopata ni jambo la pili. Halafu kuna diya, na diya ina tabia yake: ukoo wa aliyeuawa ukishaipokea, shauri limefungwa, hakuna tena deni wala kisasi. Wajerumani wao walilifunika suala zima kwa neno moja, Wiedergutmachung, ambalo maana yake ni kama kulirudisha jambo likawa zuri tena. Wayahudi wengi hawajawahi kulipenda neno hilo, na si vigumu kuona sababu. Serikali ya Israel ilijichagulia neno la Kiebrania, shilumim: malipo, ambayo hayana msamaha ndani yake.

Ugomvi wa kwanza, basi, ulikuwa kati ya Wayahudi wenyewe, na ulikuwa ugomvi wa diya. Tarehe 7 Januari 1952 bunge la Israel, Knesset, lilianza kujadili kama nchi izungumze na Ujerumani Magharibi kuhusu fidia. Wakati huo bunge lilikutana katika jengo la kawaida katikati ya Jerusalem. Menachem Begin, kiongozi wa upinzani ambaye familia yake iliteketea Poland, aliwahutubia maelfu uwanjani karibu na hapo, na umati ukaandamana hadi bungeni. Mawe yakavunja madirisha, gesi ya machozi ya polisi ikapenya mpaka ndani ya ukumbi. Hoja ya Begin ilikuwa nyepesi kueleweka: ukiipokea pesa hii, umeiuza damu. David Ben-Gurion, waziri mkuu, naye alikuwa na Biblia yake. Alitaka wauaji wasiwe pia warithi, na kila aliyemsikia alikumbuka kisa cha mfalme Ahabu, aliyesababisha Nabothi auawe kisha akaenda kulichukua shamba lake la mizabibu. Kura zilipohesabiwa, 61 zilikubali, 50 zilikataa. Begin alisimamishwa ubunge kwa miezi mitatu.

Kuna kitu ambacho kelele za siku zile zilikifunika. Israel haikuwahi kupeleka ankara ya roho za watu. Katika barua yake ya Machi 1951 kwa mataifa manne yaliyoikalia Ujerumani, ilidai dola bilioni 1.5, na hesabu yake ilikuwa hivi: wakimbizi 500,000 waliopokelewa, mara dola 3,000 za kumpa kila mmoja makazi na mahali pa kuanzia maisha. Hiyo ni nauli na nyumba. Bei ya damu haikuandikwa popote, na nadhani iliachwa kwa makusudi. Nchi ilikuwa changa, chakula kinagawiwa kwa kadi, wageni wanalala kwenye mahema. Lakini hata ingekuwa tajiri, ankara ya roho isingeandikika.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 10 Septemba 1952 katika ukumbi wa mji wa Luxembourg. Walikuwapo Kansela Konrad Adenauer, Waziri wa Mambo ya Nje wa Israel Moshe Sharett, na Nahum Goldmann kwa niaba ya Claims Conference, chombo kilichoundwa New York mwaka uliotangulia na jumuiya 23 za Kiyahudi ili kiwasemee manusura waliotawanyika duniani. Hakuna hotuba iliyosomwa. Waliketi, wakasaini, wakatoka. Ujerumani Magharibi iliahidi kuipa Israel maki bilioni 3, si kwa noti bali kwa bidhaa zilizoletwa mwaka baada ya mwaka: meli, chuma, mitambo, mafuta. Claims Conference ilipangiwa maki milioni 450. Ujerumani Mashariki, iliyojiita nchi ya waliompinga Hitler, haikutoa kitu.

Wala Wajerumani wenyewe hawakulipokea hili kwa shangwe. Mkataba ulipofika bungeni Bonn, Machi 1953, wabunge 239 waliukubali, 35 waliukataa na 86 wakajizuia kupiga kura, wengi wa hao wakitoka katika muungano wa kansela mwenyewe. Kama chama cha upinzani cha SPD kisingemuunga mkono, Adenauer angeaibika.

Maki 5 kwa siku

Hadi hapo ni pesa ya serikali kwa serikali. Mtu mmoja mmoja alishughulikiwa na sheria nyingine, BEG (Sheria ya Shirikisho ya Fidia), iliyokamilishwa 1956 na kupanuliwa mara ya mwisho 1965. Humo ndimo mateso yalimogeuzwa fomu.

Sheria ilimkatakata mtu vipande: uhai, mwili na afya, uhuru, mali, kazi na maendeleo. Kila kipande na kipimo chake. Kunyimwa uhuru kulilipwa maki 150 kwa kila mwezi kamili, maana yake maki 5 kwa siku. Aliyekaa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka mmoja na nusu alistahili maki 2,700, ambazo kwa Mjerumani wa mwaka 1956 zilikuwa kama mshahara wa miezi sita au saba. Kuvaa nyota ya njano, alama ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa, kulihesabika. Kujificha katika hali isiyo ya kibinadamu kulihesabika pia. Siku zilizobaki baada ya kutoa miezi kamili hazikuhesabika. Na ushahidi je? Wengi waliandika barua Arolsen, mji mdogo wa Ujerumani ambako hati za kambi zilizonusurika zilikusanywa, wakiomba cheti kinachoonyesha kwamba kweli walikuwa wafungwa. Fikiria hapo: unamwomba karani akutafutie jina lako katika daftari la waliokufunga, ili serikali iamini kwamba ulifungwa.

Aliyelipwa vizuri hakuwa lazima aliyeteseka zaidi. Jaji au profesa Myahudi wa Berlin aliyefukuzwa kazi 1933 na kukimbia aliweza kupata pensheni iliyopigiwa hesabu kana kwamba alipanda vyeo hadi mwisho. Wapo waliokimbilia hata Kenya, mawakili na wafanyabiashara waliogeuka wasimamizi wa mashamba nyanda za juu. Kwa watu wa namna hiyo kipengele cha kazi kilikuwa na maana kubwa. Fundi cherehani wa Łódź, Poland, aliyepoteza mke na watoto, hakuwa na cheo cha kupigiwa hesabu. Fidia ilirudisha kwa uaminifu mkubwa ngazi zilezile za kijamii za kabla ya vita.

Sehemu iliyonuka kuliko zote ilikuwa ya afya. Pensheni ya ugonjwa ilitolewa ikiwa uwezo wa mtu kufanya kazi umepungua kwa angalau asilimia 25, na ikiwa upungufu huo umesababishwa na mateso. Mkimbizi aliyekuwa New York alitumwa kwa daktari aliyeaminiwa na ubalozi mdogo wa Ujerumani. Mwenye mguu uliovunjika vibaya alikuwa na cha kuonyesha. Lakini huyu asiyelala, anayeshtuka akisikia hodi, anayelia akiona treni? Madaktari wengi waliandika kwamba hiyo ni hali ya kuzaliwa nayo, kwamba binadamu wa kawaida akiokolewa hupona. Mwaka 1963 Kurt Eissler, mtaalamu wa maradhi ya nafsi aliyezaliwa Vienna na kuhamia Marekani, alichapisha makala ambayo kichwa chake kilikuwa swali: watoto wangapi wa mtu wauawe, naye astahimili bila dalili yoyote, ndipo ahesabiwe kuwa na maumbile ya kawaida? Miaka miwili baadaye sheria ilirekebishwa: aliyekaa kambini angalau mwaka mmoja hakulazimika tena kuthibitisha kwamba kambi ndiyo iliyomwumiza. Ilidhaniwa hivyo tangu mwanzo.

Halafu kulikuwa na mlango wenyewe. BEG ilitaka mdai awe na uhusiano fulani na Ujerumani, au awe mkimbizi au mtu asiye na nchi wa aina iliyotajwa. Aliyebaki Warsaw, Budapest au Kiev, upande wa pili wa Vita Baridi, hakupata kitu, hata kama ndiko mauaji yalikofanyika kwa wingi kuliko kwingine kote. Waroma, watu ambao wengi huwaita Wajipsi, nao waliambiwa na Mahakama Kuu ya Shirikisho, Januari 1956, kwamba kabla ya Machi 1943 waliandamwa kama wahalifu na si kwa sababu ya asili yao. Mahakama hiyo iliibadili hukumu mwaka 1963, baada ya wengi kuchoka kudai au kufa. Waliohasiwa kwa nguvu na mashoga waliofungwa kambini hawakuwamo katika sheria hata kidogo.

Israel kulikuwa na fundo lake. Kwa kuwa serikali ilikwisha pokea bidhaa na kuahidi kutodai zaidi, sehemu kubwa ya manusura walioingia nchini kabla ya Oktoba 1953 walikatiwa njia ya kudai pensheni ya afya Ujerumani. Israel ikatunga sheria yake 1957 ili iwalipe yenyewe, na ikawalipa kidogo. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Dalia Dorner ilisema hivyo waziwazi mwaka 2008. Dada wawili wa kambi moja, mmoja Brooklyn na mwingine Haifa, waliweza kupishana malipo kwa miaka hamsini, na aliyepunjwa ni yule aliyekwenda kuijenga nchi ya Wayahudi.

Viraka vikaendelea. Mwaka 1980 ukaja ule mfuko wa maki 5,000, kwa waliotoka nchi za Kisovieti wakiwa wamechelewa tarehe za BEG. Ujerumani ilipoungana, mkataba wa muungano ulizaa mfuko mwingine, ulioanza mwaka 1992, wa kulipa kila mwezi: sharti miezi 6 kambini, au miezi 18 katika gheto, yaani mtaa walimofungiwa Wayahudi, au miezi 18 mafichoni. Aliyejificha chini ya sakafu ya jirani miezi 17 alikuwa amejificha muda mfupi. Kila mwaka Claims Conference ilikaa mezani na maofisa wa wizara ya fedha kupunguza miezi hiyo, na kwa gheto imeshushwa hadi mitatu. Wapo pia waliovuna wasichopanda: mwaka 2009 iligundulika kwamba wafanyakazi ndani ya Claims Conference yenyewe walikuwa wakishirikiana na watu wa nje kughushi madai, hasara ya dola milioni 57.

"Je, ulikwenda kazini kwa hiari?"

Nikiambiwa nichague kisa kimoja cha kumweleza mtu mambo haya yote, sitachagua mabenki ya Uswisi, ingawa ndiyo yaliyovuma. Yale yalikuwa machafu lakini hayakuwa magumu. Warithi walikwenda kuulizia akaunti za wazazi wao, benki zikawadai cheti cha kifo, wakati waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikiwa cheti. Mwaka 1998 mashtaka yaliyofunguliwa Brooklyn yalimalizwa kwa benki kukubali kulipa dola bilioni 1.25. Miaka miwili baadaye serikali ya Ujerumani na makampuni yake wakachanga maki bilioni 10 kwa waliofanyishwa kazi kwa nguvu viwandani na mashambani, Wayahudi na wasio Wayahudi, na zaidi ya watu milioni 1.6 wakalipwa.

Mimi nitachagua pensheni za gheto.

Mwaka 1997 Mahakama ya Shirikisho ya Masuala ya Jamii iliamua kwamba mwanamke aliyefanya kazi katika gheto la Łódź anastahili pensheni ya uzeeni. Sheria ya pensheni za Ujerumani ilikuwa ikimhusu mfanyakazi, naye alikuwa amefanya kazi. Hii ilikuwa haki ya mfanyakazi kama Mjerumani yeyote, si huruma. Mwaka 2002 bunge likatunga sheria maalumu, wabunge wote wakaikubali. Maombi yapatayo 70,000 yakamiminika. Zaidi ya asilimia 90 yakakataliwa.

Kilichotokea ni hiki. Pensheni hulipwa kwa ajira, na ajira lazima iwe ya hiari na yenye ujira. Kwa hiyo fomu iliuliza: kazi uliipataje? Ulilipwa nini? Bibi wa miaka 80 akaandika ukweli wake: tulitoka alfajiri, tulilindwa na bunduki, tulipewa supu. Karani akasoma "bunduki", akahitimisha kwamba kazi haikuwa ya hiari. Akasoma "supu", akahitimisha kwamba hapakuwa na ujira. Na kama bibi, kwa kushauriwa na wakili, aliandika safari hii kwamba kazi aliitafuta mwenyewe ili asife njaa, karani alilivuta faili lake la miaka ya 1950, lile la BEG, ambamo aliandika kwamba alilazimishwa. Enzi ile kulazimishwa ndiko kulikolipwa. Sasa kulimponza. Maneno yake mwenyewe, yaliyompatia maki 5 kwa siku akiwa kijana, yakatumika kumnyima pensheni akiwa mzee.

Ndani ya gheto hilo swali la hiari halikuwa na maana ambayo ofisi iliipa. Watu waligombania kazi, kwa sababu asiye na kazi hakuwa na mgawo wa chakula, na orodha za wasafirishwao kwenda kuuawa zilianza na wasio na kazi. Walilazimishwa na walitaka, vyote pamoja. Mwaka 2009 mahakama ileile ililiona hilo: hiari ni hata ule uchaguzi mwembamba uliobaki, na ujira ni hata mkate. Maelfu ya mafaili yakafunguliwa upya. Lakini kanuni ya kawaida ya pensheni ilisema malimbikizo hurudi nyuma miaka minne tu, basi hata walioshinda wakapoteza miaka mingi ya haki yao, mpaka bunge lilipoisahihisha sheria mwaka 2014 ili walipwe kuanzia Julai 1997. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Msomaji wa Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Maji Maji, anaweza kuuliza hapa, na ana haki ya kuuliza, kwa nini nchi hiyohiyo iliposema habari za Waherero na Wanama wa Namibia mwaka 2021 ilikiri mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi ya maendeleo kwa miaka 30, na ikaliepuka neno fidia. Hoja mojawapo ya Berlin ni kwamba hakuna dai la kisheria, kwa kuwa walioteswa wenyewe hawapo tena. Hoja hiyo ina upande wa pili ambao Berlin haiutaji sana. Wayahudi walilipwa wakiwa hai kwa sababu walikuwa na chombo cha kuwasemea mezani mwaka 1952, miaka saba tu baada ya vita. Waherero, miaka saba baada ya vita vyao, walikuwa na meza ipi?

Siku hizi mazungumzo ya kila mwaka yanahusu zaidi wauguzi wa nyumbani: nani atamwogesha mzee, nani atampikia, saa ngapi kwa wiki. Mwanzoni mwa 2024 Claims Conference ilikadiria manusura 245,000 walio hai duniani, nusu yao wakiwa na zaidi ya miaka 86. Na kiraka kimoja cha 2019 kilishonewa wajane na wagane. Kabla ya hapo malipo ya kila mwezi yalikoma na pumzi ya mwenyewe. Sasa mwenzake aliyebaki huendelea kulipwa, euro 513 kwa mwezi kwa kiwango cha mwaka ule, kwa muda usiozidi miezi tisa.